Juu ya Maneno Matatu katika Wimbo wa Bahari

Katika Maandiko ya Waebrania mna mstari mmoja mfupi upatikanao mahali patatu, nao ni karibu ule ule kila mahali: katika Wimbo wa Bahari, Kutoka 15:2, katika Zaburi 118:14, na katika Isaya 12:2. Mwimbaji amtaja Mungu kwa jina lake fupi, Yah, lile lisikikalo mwishoni mwa Haleluya, amwita nguvu zake. Aongeza neno la pili, ambalo wenye elimu wamelijadili tangu kale. Kisha asema ya kuwa huyo huyo alikuwa kwake wokovu. Kwa Kiebrania, katika Kutoka na katika Zaburi, ni maneno sita tu, wala hayazidi pumzi moja.

Nia yetu ni kuyapima maneno matatu ya mstari huu, nguvu, wimbo na wokovu, kama yalivyo katika tafsiri ya Kiswahili ya mwaka 1952, ambayo wengi wameizoea. Hatusemi haya kwa kuwadharau waliofanya kazi ile. Twajua kwamba ni rahisi kulaumu mtumbwi uliokwisha kuchongwa. Lakini jambo lenyewe si dogo. Wasomaji wetu walio wengi hawana Kiebrania cha kulinganisha. Neno walilopewa ndilo watakalolihubiri, ndilo watakaloliomba siku ya dhiki. Likiwa limepungua, wao ndio watakaopungukiwa, wala hawatajua.

Neno la kwanza halina shida kubwa. Ni ‘oz’, yaani nguvu, nalo ni ndugu wa neno la Kiarabu ‘izz’. Mswahili hulitamka kila siku pasipo kufikiri, kwa maana jina Mwenyezi si kingine ila ‘mwenye ezi’, na ezi, au enzi, ndilo lile lile ‘izz’. Basi tafsiri yasema nguvu, nayo yasema kweli. Ila yatupasa tuangalie nguvu hizo ni za nani. Watu wanaoimba ni wale ambao muda mchache kabla yake walikuwa na bahari mbele yao, na magari 600 yaliyochaguliwa ya Farao nyuma yao. Hawakupiga hata pigo moja; waliamriwa kunyamaza tu (Kutoka 14:14). Tena wimbo wenyewe walirudia neno lile lile katika mstari wa 13, na hapo si nguvu zangu bali ni nguvu zako, nguvu za Mungu awaongozaye watu wake. Kwa hiyo neno hili la kwanza si majivuno. Mwimbaji aziita zake zile nguvu ambazo baadaye kidogo azitaja kuwa za mwingine, na wimbo wote umo kati ya viambishi hivi viwili.

Neno la pili ndilo lenye mashaka, nalo ni ‘zimrat’. Katika Kiebrania shina z-m-r ni kuimba kwa ala, na kutoka shina hilo latoka ‘mizmor’, neno liandikwalo juu ya zaburi nyingi. Kwa sababu hiyo wengi wamelifasiri kwa wimbo au sifa. Tafsiri ya Kiaramu iitwayo ya Onkelos yasema sifa. Hieronimo kwa Kilatini alisema sifa vile vile. Waingereza mwaka 1611 walisema wimbo. Na tafsiri yetu ya mwaka 1952 yasema wimbo mahali pote patatu.

Walakini mashahidi wa zamani hawakupatana. Wayahudi wa Aleksandria waliofasiri Torati kwa Kiyunani katika karne ya 3 kabla ya Kristo hawakusema wimbo katika Kutoka, bali walisema msaidizi na mlinzi. Waliofasiri Zaburi walisema wimbo wa sifa, na aliyefasiri Isaya alisema utukufu na sifa. Basi katika Biblia moja ya Kiyunani mstari huu mmoja una sura tatu, na msomaji aliyeitegemea hakuweza kujua ya kuwa ni sauti ile ile inayorudi. Naye Rashi, mwalimu mkubwa wa Wayahudi wa Troyes katika Ufaransa (1040–1105), alikataa kabisa maana ya wimbo. Alisema shina hapa ni la kukata, kama litumikavyo kwa kupogoa mizabibu katika Walawi 25:4; na maneno yote mawili aliyaunga na jina la Yah, maana yake, nguvu na kisasi cha Mungu ndivyo vilivyokuwa wokovu.

Rashi hakuwa na mabao ya udongo ya Ugarit, ambayo yalianza kufukuliwa mwaka 1929 huko Ras Shamra, pwani ya Shamu. Lugha ya mabao yale ni jirani sana wa Kiebrania, na humo limeonekana shina dh-m-r, lenye maana ya kulinda au ya nguvu, likiandamana na neno lile lile la nguvu, ‘oz’. Tena mfalme wa Mari aliyetawala katika karne ya 18 kabla ya Kristo aliitwa Zimri-Lim, na jina lake kwa kawaida huelezwa kuwa ‘Lim ni kinga yangu’. Waarabu nao wanalo neno ‘dhimar’, yaani kile ambacho mtu wa heshima hana budi kukilinda: jamaa zake, nyumba yake, na jina lake. Katika Kiebrania sauti dh ya kale iligeuka kuwa z, ndipo mashina mawili yakaonekana kuwa moja. Si ajabu, hata kwetu neno ‘kaa’ ni la moto na ni la pwani, wala hakuna atakayedhani kwamba mnyama yule wa mchangani ametoka jikoni.

Tena mna shahidi mmoja ndani ya Maandiko yenyewe. Katika Mwanzo 43:11 Yakobo awaagiza wanawe watwae ‘zimrat’ ya nchi, wakaitie katika vyombo vyao, wampelekee yule mkuu wa Misri. Kisha azitaja zeri, asali, lozi na vinginevyo. Nyimbo hazitiwi vyomboni. Ikiwa neno hilo huko ni mazao bora ya nchi, yaani nguvu ya nchi, basi tumeonyeshwa kwamba laweza kusimama mbali na kuimba. Na wafasiri wa Kiingereza waliotoa tafsiri mpya mwaka 1989 waliacha wimbo katika Kutoka, wakaandika neno jingine la nguvu.

Mizani yetu yaelekea upande huu. Hata hivyo hatutaki kuficha yaliyo upande wa pili. Katika Zaburi, mstari ufuatao mara moja wazungumza habari za sauti ya shangwe katika hema za wenye haki. Na katika Isaya, mistari mitatu tu baadaye, watu waamriwa kuimba kwa kitenzi cha shina lile lile z-m-r. Nabii alisikia wimbo ndani ya neno hili, au alipenda wasikilizaji wake wausikie. Na katika Kutoka wenyewe, watu walioamriwa kunyamaza ndio wanaofungua vinywa. Mtu akisema kwamba wimbo si kosa, bali ni nusu ya kweli, hatutashindana naye.

Lakini nusu ipi ipotee, ikiwa moja haina budi kupotea? Twaona ya kuwa wimbo hauwezi kupotea, kwa maana mistari yote mitatu imo ndani ya nyimbo, na kuimba kwatajwa waziwazi kandokando yake. Kinga ikipotea, hapana mahali pengine katika mstari itakapopatikana. Msomaji aambiwaye kwamba Mungu ni nguvu zake na wimbo wake asikia jambo zuri, lakini hasikii kwamba kuna aliyesimama kati yake na magari. Kiswahili kina neno linalofaa kabisa. Twasema kukinga mvua, na kumkingia mtu kifua. Ngao ni chombo cha vita tu. Himaya yanuka serikali. Kinga ni ya wote, mtoto na mzee. Twajua kwamba wengine huliita kinga hata dawa ya mganga. Lakini neno halikatazwi kwa sababu limetumika vibaya, la sivyo tusingebaki na maneno mengi.

Neno la tatu ni ‘yeshu‘ah’. Ndilo linalofunga habari yote, kwa kuwa shina lake limetangulia mara mbili katika sura ya 14: katika mstari wa 13 Musa awaambia watu wasimame wauone wokovu wa Bwana, na katika mstari wa 30 twaambiwa kwamba siku ile Bwana aliwaokoa Israeli. Kwanza waliahidiwa, kisha walitendewa, kisha waliimba. Shina hilo ndilo lililomo katika majina ya Yoshua, na Hosea, na Isaya mwenyewe, ambaye katika sura ya 12, mistari ya 2 na 3, alitaja neno hili mara tatu, kana kwamba anatia sahihi.

Wenye elimu wa zamani walilifananisha shina hili na la Kiarabu lenye maana ya upana, ambalo kwetu limezaa neno wasaa. Wengi wa siku hizi hawakubali, kwa sababu majina ya Arabia ya kusini na ya Ugarit yaonyesha konsonanti nyingine. Nasi hatutajenga nyumba juu ya msingi unaotikisika. Ila Zaburi ya 118 yenyewe, katika mstari wa 5, yasema mwimbaji aliita akiwa mahali pembamba, akajibiwa kwa kuwekwa mahali papana. Msomaji wa Kiswahili aelewa upesi kuliko Mzungu, kwa maana dhiki asili yake ni wembamba. Nasi hatukosi kusema, baada ya dhiki, faraja. Picha ya kutoka mahali pa kubanwa na kufika mahali pa kupumua imo katika zaburi, hata kama haimo katika shina la neno.

Sasa tutazame wokovu. Neno hili limetoka katika kuokoka, si katika kuokoa. Ni wa jamii moja na wongofu utokao katika kuongoka, na upotovu utokao katika kupotoka. Kwa hiyo latueleza hali ya yule aliyeokoka kuliko tendo la yule aliyeokoa. Kwa Kiebrania ‘yeshu‘ah’ lachukua yote mawili, tena katika wimbo huu laelekea zaidi upande wa tendo: ni ushindi ulioonekana kwa macho, asubuhi, ufukweni. Hatusemi neno wokovu liachwe. Limekwisha kuota mizizi, na hakuna lililo bora. Twasema tu ya kwamba mwalimu yampasa kulifundisha, asije msikilizaji akadhani ni hali ya moyoni peke yake, isiyomtoa mtu mikononi mwa mwenye kumwonea.

Kosa lililo kubwa zaidi, kwa maoni yetu, si la neno bali la kiambishi. Tafsiri ya mwaka 1952 yasema ‘amekuwa’, na mwisho yatia ‘wangu’. Kwa Kiebrania nguvu ndizo zilizotiwa kiambishi cha ‘yangu’, wokovu haukutiwa. Imesemwa kwamba Mungu alikuwa kwangu kwa wokovu, naye Hieronimo aliilinda ‘kwangu’ hiyo kwa uangalifu. Wokovu ukiitwa wangu hugeuka kuwa mali iliyowekwa sandukuni. Ukisemwa umekuja kwangu, hubaki kuwa tendo la mwingine. Kitenzi nacho ni cha kusimulia jambo lililotukia, kama ‘-ka-’ yetu: akawa. Mtu atasema kwamba ‘akawa’ hukwaruza sikio likifuata ‘ni’. Ni kweli, na Kiebrania hukwaruza vivyo hivyo, maana chatoka katika sentensi isiyo na kitenzi na kuingia ghafula katika hadithi. Kule kukwaruza ndiko kunakotuonyesha siku yenyewe. Hatukatai kwamba Isaya, mwanzoni mwa mstari wake, asema wokovu wangu. Lakini aliposema hivyo alibadili maneno ya kale kwa makusudi, na tukiyasawazisha yote hatutaona alichofanya.

Katika jambo moja tafsiri ya mwaka 1952 yastahili sifa kuliko ile ya Kiyunani: imeutunza mstari uwe ule ule mahali pote patatu. Hilo ni kubwa. Katika Kutoka watu waimba juu ya jambo lililopita sasa hivi. Katika Zaburi, ambayo ni ya mwisho katika zile 113 mpaka 118 ziimbwazo na Wayahudi wakati wa Pasaka, mtu mmoja aliyezingirwa na kusukumwa aanguke asema maneno ya baba zake kuwa ni yake. Katika Isaya ni maneno ya siku ijayo, nayo yafuata mara moja ahadi ya mwisho wa sura ya 11, ya njia kama ile ya siku walipotoka Misri. Waliovuka, aliyezingirwa, na watakaorudi, wote wana kinywa kimoja. Mfasiri atakayebadili neno mahali pamoja na kuliacha pengine atawatenga watu hawa.

Basi shauri letu kwa wale watakaoitengeneza tafsiri baada ya hii ni hili: waweke kinga mahali pa wimbo, pote patatu, na pembeni waandike kwa herufi ndogo kwamba wengine husoma wimbo, waseme ‘akawa’, na mwisho waiache ‘kwangu’ isimame ilipo. Ni mabadiliko madogo, wala hayataharibu mwendo wa kuimba. Wazee waliozoea maneno ya kale watanung’unika kwa muda, nao wana haki, kwa maana maneno yale yamewavusha mara nyingi. Lakini mtoto atakayejifunza mstari huu leo atakuwa amepewa maneno yote matatu: nguvu asizokuwa nazo mwenyewe, kinga iliyosimama mbele yake, na wokovu uliomjia pale alipokuwa hana njia.