Ukiona Vyaelea: Shule za Serikali, za Dini na za Watu Binafsi Tanzania



Kila yakitoka matokeo ya kidato cha nne hoja huwa ile ile. Seminari zimeng'ara, za kulipia zimeng'ara, za kata zimeanguka. Halafu anatokea mtu na dawa yake: serikali imeshindwa, basi iwarudishie wenyewe shule zao zilizotaifishwa. Naomba kutofautiana na hoja hii. Nianze na historia, maana wengi wanaoitoa huiruka.

Mjerumani alipofungua shule ya serikali Tanga, mwishoni mwa karne ya 19, alifundisha kwa Kiswahili na dini akaiacha nje. Hakufanya hivyo kwa mapenzi. Alitaka makarani, na Waislamu wa pwani wasingepeleka watoto wao kwa mapadri. Akaja Mwingereza, naye tangu miaka ya 1920 akawapa wamisheni ruzuku kwa shule zilizofuata masharti yake. Vyuo vyetu vya Kurani havikuwemo, kwa kuwa havikufundisha masomo yale. Basi uhuru ulipofika 1961, ramani ya elimu ilikuwa imefuata ramani ya misheni: Kilimanjaro na Bukoba juu, Kilwa na Rufiji chini. Watu wa Kilwa hawakuwa wajinga, mlango wao ulikuwa mwembamba tu.

Sheria ya Elimu ya 1969 ndiyo iliyoupanua. Marian College ikawa Kilakala, Aga Khan ikawa Tambaza, Pugu ya mapadri ikawa ya serikali. Seminari ziliachwa kwa wenyewe. Mie ni mtoto wa mkulima wa minazi Pangani, na sekondari nimesoma kwenye mojawapo ya shule zile. Kanisa lake lilikuwa bado limesimama uani, na Ijumaa sie Waislamu tulipewa darasa moja la kuswalia. Bila ile sheria, mie leo ningekuwa wapi? Kwa hiyo mtu anaponiambia "warudishiwe wenyewe", nauliza: wenyewe ni nani? Waliojenga kuta, au waliolipia kodi walimu na chakula kwa miaka zaidi ya hamsini?

Lakini tusiitetee serikali kwa uongo. Ilichukua shule kisha ikaziacha zichakae. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza 1977 watoto walijaa madarasani, lakini nafasi za sekondari zikabaki chache mno. Wazazi wenye uwezo hawakungoja. Kilimanjaro na Kagera walijenga zao, makanisa yakajenga, Jumuiya ya Wazazi ikajenga. Mwaka 1992 serikali ikatiliana saini na makanisa makubwa mkataba wa ushirikiano katika elimu na afya, na Waislamu wengi wakauliza sie je? Jibu la maana lilichelewa: Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilianza 2005, kwenye majengo yaliyokuwa ya TANESCO. Sera ya 1995 nayo ikafungua milango yote kwa wawekezaji, zikamea shule za msingi za Kiingereza kila mtaa wenye watu wa kipato. Uzio wa dini uliovunjwa 1969 ukajengwa upya, safari hii kwa pesa.

Sasa tuje kwenye hayo matokeo. Ukiona vyaelea vimeundwa. Seminari haipokei kila anayegonga. Ina mtihani wa kuingia. Shule nyingi za kulipia zina mtihani wa kuingia na juu yake wastani wa shule. Mtoto asipoufikia anakaririshwa au anaambiwa akatafute pengine, jambo ambalo wizara imewahi kulikemea. Huko "pengine" ni wapi? Ni shule ya kata, ambayo haina ruhusa ya kumkataa mtu. Halafu tunazipanga pamoja na kushangaa nani kashinda!

Ushahidi kwamba si suala la mwenye shule ni huu: Kibaha, Mzumbe na Ilboru ni za serikali, na zimefaulisha miaka nenda rudi. Kwa nini? Kwa sababu nazo huchagua, ni shule za vipaji maalumu. Na matokeo ya 2012, ambapo takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri, yalikuwa ya kutisha kweli, lakini yalionyesha zaidi jinsi shule za kata zilivyofunguliwa mbio mbio bila walimu wala maabara. Mtoto aliyefundishwa kwa Kiswahili miaka saba alitupwa kwenye Kiingereza kidato cha kwanza, akapewa mwalimu ambaye naye anakitafuta. Ndiyo maana nimefurahi kwamba tangu matokeo yaliyotoka Januari 2023 baraza la mitihani limeacha kutangaza shule kumi bora. Lile lilikuwa tangazo la biashara tu.

Wengine watanambia tazama Uingereza, huko ninakoishi. Ni kweli, tangu sheria ya 1944 shule za makanisa zimo ndani ya mfumo wa serikali na walimu wanalipwa na umma, na 1998 Islamia ya London ikawa ya kwanza ya Kiislamu kuingia. Si mpango mbaya. Lakini uliza wazazi wa huku: wapo wanaohudhuria kanisani miaka miwili ili mtoto apate nafasi, kisha hawaonekani tena. Kuchagua ni kuchagua, kukifanywa na padri au na mfanyabiashara.

Sasa niseme la aibu. Mie ninayeandika haya, kila Januari hutuma ada ya mtoto wa dada yangu kwenye shule ya kulipia, Dar. Dada alinambia, "Kaka, ujamaa wako utamsomesha mwanangu?" Sikuwa na jibu. Na najua humu tuko wengi. Sie tulioinuliwa na shule ya serikali ndio tunaolipia watoto wetu waikimbie, na wazazi wenye sauti wakishatoka, nani atabaki kupiga kelele choo kikijaa?

Kwa hiyo hoja yangu si kuzifunga za dini wala za binafsi. Zibaki. Ila yeyote anayefaidika na mkono wa serikali, awe kanisa au msikiti, apokee sehemu ya wanafunzi bila mchujo, na mkataba uwe mmoja kwa dini zote. Shule ipimwe kwa umbali iliomsogeza mtoto, si kwa mtoto iliyemchagua. Ada hadi kidato cha nne imefutwa kwenye sekondari za serikali tangu 2016, hilo ni jema. Lakini shule ya bure isiyo na mwalimu wa hesabu bado ni ghali sana kwa mtoto wa Kilwa.

Naomba kuwasilisha. Mwenye hoja tofauti aniambie, ila aanze kwa kusema wa kwake wanasoma wapi.