Mkata Miti ni Nani? Mhusika Bapa katika Fasihi Yetu ya Mazingira

Katika fasihi yetu ya mazingira yumo mhusika mmoja ambaye tunakutana naye kila mara, na ambaye sisi wahakiki tumemwachia apite tu. Yumo katika ngonjera za shule, katika maigizo ya majukwaani na katika nyimbo za uhamasishaji. Anakata miti, anachoma makaa, anatupa taka pwani, anavua kwa juya. Aghalabu hana jina wala familia. Kazi yake ni kukosea onyesho la kwanza, kuzomewa la pili, na kutubu la tatu. Makala haya yanakusudia kumtazama mhusika huyo, na kuonyesha kwamba kasoro za uchoraji wake ni kasoro zetu sisi tunaoandika.

Nitaanza na kazi yangu mwenyewe, maana si haki kuhakiki za wenzangu na yangu nikaificha uvunguni.

Miaka michache iliyopita niliandika igizo fupi kwa ajili ya Siku ya Mazingira Duniani, 5 Juni, likachezwa kwetu Tibirinzi, Chake Chake. Mhusika wangu mkuu nilimwita "Mkata Miti", basi. Alikuwa mwanamke mwenye tita la kuni kichwani, anakohoa moshi, hajui kusoma, na kila akifungua mdomo anatoa neno la kipumbavu. Watu walicheka kweli kweli. Mstari wa mbele alikaa shangazi yangu, ambaye hupika maandazi na bajia za kuuza, na jiko lake ni la kuni na makaa tangu mimi sijazaliwa. Naye alicheka pamoja na wenziwe. Usiku nilikwenda kwake kula. Akanipakulia, akakaa.

"Igizo lako zuri, mwanangu," akaniambia. "Ila yule mwanamke hamkumuuliza kitu."

Nikakosa la kusema. Ndipo nikamuuliza yeye, kwa kuchelewa, kwa nini hahamii kwenye gesi. Akanieleza kwamba makaa huyanunua kwa kopo, kwa kadiri ya pesa aliyoipata siku ile. Mtungi wa gesi haujazwi nusu. Siku maandazi yakidoda, kopo moja la makaa linamvusha mpaka kesho. Mtungi ukimwishia siku hiyo hiyo, wateja wa asubuhi wameshakwenda kwa mwengine. Kisha akanihesabia miti ya pwani: mkoko, mkandaa, msinzi, mchu, mlilana. Upi unashika moto vizuri, upi una moshi, na kwa nini ile ya ukingoni haifai kuguswa, maana ndiyo inayouzuia udongo usiliwe na maji. Yule "mjinga" wa igizo langu aliijua mikoko kuliko mtunzi wake.

Nilipoinuka niliuchukua muswada wangu. Nilikuwa nimeufunga ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ambao Zanzibar iliupiga marufuku mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Tanzania Bara kufanya hivyo, 1 Juni 2019. Shangazi sokoni huenda na kikapu chake cha ukili, na ndivyo alivyokwenda siku zote. Hakuutaja mfuko wangu. Niliuona mwenyewe mkononi mwangu.

Sasa turudi kwenye uhakiki. Tangu E. M. Forster alipozungumzia mgawanyo huo mwaka 1927, wanafunzi wa fasihi tumezoea kutenganisha mhusika bapa na mhusika duara. Kuwa bapa si dhambi. Vichekesho vingi haviwezi kusimama bila ya wahusika wa namna hiyo. Tatizo ni kwamba katika kazi za mazingira, aliyechorwa bapa ndiye yule yule ambaye kazi inataka abadilike. Mtu hawezi kujitambua katika sura isiyo yake. Atamcheka "Mkata Miti" pamoja na wengine, kisha atarudi nyumbani akawashe jiko lake kama jana. Na shangazi yangu tumweke wapi? Jikoni ni mharibifu, sokoni ni mhifadhi. Huyo ni mhusika duara kamili, na mimi nilimbana nikamfanya katuni.

Hebu tuitazame na lugha yenyewe. Katika semina na hotuba tumezoea kusikia kuwa "wananchi hawana uelewa". Sentensi hiyo humaliza uchunguzi kabla haujaanza. Inadhani kikwazo ni ujinga, na kwa hiyo dawa ni somo. Lakini bei ya karafuu ilipoporomoka miaka ya 1980, Mpemba hakupungukiwa na elimu. Alipungukiwa na pesa. Au tuchukue istilahi ya "nishati safi". Mwezi Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Lengo ni jema, kwani wa kwanza kuumizwa na moshi ni mpishi mwenyewe. Hata hivyo, neno "safi" lina kivuli chake. Nishati ya huyu ikiwa safi, yule wa kuni tumwiteje? Mtunzi mvivu huruka kutoka kwenye moshi hadi kwa mtu, akampaka masizi.

Najua watakuwepo watakaosema kwamba ninawatetea waharibifu. Sivyo. Mikoko ikikatwa, samaki wanakosa mazalia. Juya likikokotwa juu ya matumbawe linayavunja, na anayelala na njaa baadaye ni mvuvi wa jirani. Kosa ni kosa. Ninachouliza ni namna ya kulisema. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, Adili anawachapa kila usiku manyani wawili, ambao ni ndugu zake Hasidi na Mwivu waliogeuzwa kwa sababu ya uovu wao. Makosa yao si ya kusingiziwa. Lakini anayeshika kiboko anachapa kwa uchungu, na akishachapa huwalisha. Katika igizo langu kiboko kilikuwepo, chakula hakikuwepo.

Pemba yenyewe ina mfano wa usemi wa aina nyengine. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Chake Chake, kilifanywa hifadhi mwaka 1998. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990, mradi ulioshirikisha shirika la CARE na taasisi ya IFEES ya Uingereza ukaanza kuzungumza na wavuvi kwa maneno waliyoyajua tangu chuoni na msikitini: binadamu ni khalifa katika ardhi, viumbe ni amana, na uumbaji una mizani. Jina lenyewe la kisiwa lilisaidia, kwani simulizi za wenyeji zinalihusisha na msala wa Nabii Khidhri. Tukiyahakiki mawaidha hayo kama matini, tutaona kuwa hayambembelezi mvuvi. Yanambebesha mzigo mzito kuliko faini. Lakini yanamweka katika nafasi ya mtu aliyeaminiwa kitu, na aliyeaminiwa anaweza kuona haya bila ya kudhalilishwa. Bila shaka mawaidha nayo yanaweza kugeuka mazomeo pale msemaji anapojitoa mwenyewe katika kundi la wanaosemwa. Mstari kati ya "sisi" na "nyinyi" ni mwembamba, na ndio wa kuuchunguza katika kila kazi ya aina hii.

Kwa hiyo napendekeza kwa wahakiki wenzangu, tunapopewa ngonjera au igizo la mazingira, tuulize: mhusika anayekosea anajua nini ambacho mtunzi hakijui? Akibadilika atapoteza nini, na nani atamlipa? Na ukumbi unapocheka, mtunzi mwenyewe amekaa upande gani?

Nami nimelirudia igizo langu. "Mkata Miti" sasa ana jina, ana deni dukani, na katika onyesho la pili anamuuliza bwana mazingira swali ambalo bwana huyo hawezi kulijibu. Kutubu nimekufuta. Nilimsomea shangazi likizo iliyopita. Safari hii hakucheka sana, na mahala pawili alinikatiza akasahihisha. Nimeyatia masahihisho yake yote isipokuwa moja, ambalo bado tunabishana.