Nydia na moto wa Vesuvius

Waungwana, nimeirudia The Last Days of Pompeii ya Bulwer-Lytton (1834), na mara hii mapenzi ya Glaucus na Ione hayakunigusa hata kidogo. Msomaji anajua tangu mwanzo kuwa Vesuvius italipuka, mwaka 79, basi hofu yote imebebwa na mlima. Wapenzi wanangoja tu. Arbaces naye, yule mchawi wa Kimisri, ni wa kubandikwa. Aliyenishika ni Nydia, mjakazi kipofu muuza maua. Majivu yakigeuza mchana usiku, wenye macho wanapapasa. Yeye aliyezoea giza ndiye anayewafikisha baharini. Halafu mwandishi anamfanya ajitose majini wenzake wamelala, ili hao wawili wakaishi raha mustarehe Athens. Jamani, kwa nini?