Mnara na Wito: Tahakiki Fupi ya Historia ya Kengele Zetu

Katika maandishi mengi yahusuyo Kanisa Kuu la Azania Front, Dar es Salaam, mnara wa kengele hupewa nafasi ya kwanza. Msomaji huelezwa kuwa wamisionari wa Kijerumani walianza ujenzi mwaka 1898, ukakamilika mwaka 1902. Kwamba vigae vyekundu vyafuata mtindo wa kwao. Na kwamba mnara waonekana tangu bandarini. Hayo yote ni kweli. Hata hivyo, historia inayoishia hapo imemsahau mtu ambaye kengele hupigwa kwa ajili yake, yaani msikiaji.

Dar es Salaam ilifanywa makao makuu ya serikali ya Kijerumani mwaka 1891. Kwa hiyo sauti ya kengele ilisikika katika mji uleule zilikotoka amri za kodi. Mwafrika aliyeisikia angetambuaje kama anaitwa na Mungu au na dola? Mwaka 1916 Waingereza waliuteka mji. Dola ile ikaondoka, mnara ukabaki. Huko Ujerumani kwenyewe, mwaka 1917, kengele nyingi za makanisa ziliteremshwa zikayeyushwa kwa mahitaji ya vita. Ni dhahiri basi kwamba madini ya kengele hayana utakatifu wa asili.

Wapo watakaojibu kuwa mnara ni ushuhuda kwa macho, na kwamba kuita mkutano ni agizo la Maandiko. Hoja hii ina uzito. Katika Hesabu 10 Musa aliagizwa kufanya tarumbeta mbili za fedha. Lakini Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 14:8, aipima tarumbeta kwa kueleweka kwa sauti yake, wala si kwa thamani ya fedha yake.

Jambo hili lagusa hata sharika zilizo mbali na pwani, kama zile za Bariadi, katika Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012. Katika nchi hiyo ya Ntuzu, Wasukuma waliitana kwa ngoma tangu kale, na kila aliyesikia alijua anaitiwa nini. Leo, kama ilivyo vijijini kwingi Tanzania, rimu ya gari iliyotundikwa mtini na kugongwa kwa chuma yatosha kuwakusanya waumini. Kuiona rimu hiyo kuwa aibu inayopaswa kufutwa kwa harambee ya mnara, huku mwinjilisti akikosa posho, ni kupotosha mafundisho yetu. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ibara ya saba, latambua Kanisa pale Injili ihubiriwapo kwa usafi na sakramenti zitolewapo ipasavyo. Mnara haumo.

Hatusemi minara ibomolewe, wala isijengwe kamwe. Twasema historia yake iandikwe upya. Wanafunzi wa theolojia waendapo mazoezini sharikani, wasiridhike na tarehe zilizochongwa ukutani. Wawaulize wazee: kengele ilipolia, ni nani waliokuja, ni nani waliokaa nyumbani, na kwa nini? Majibu ya maswali hayo ndiyo historia ya Kanisa. Usharika usioweza kuyajibu hauna budi kuyatafuta kwanza, kabla haujaagiza saruji.