Sifa za Mtafuta Makundi

Kampuni ya simu inajua nani kampigia nani, na mara ngapi. Ondoa majina na mazungumzo, utabaki na mamilioni ya nukta na mistari inayoziunganisha. Hapo ndipo anapoingia mwanasayansi wa kompyuta anayetafuta makundi. Anatakiwa aseme nani na nani ni wa pamoja, bila kumhoji mtu na bila kusikia hata neno moja. Ni kazi ninayoiheshimu sana.

Msingi wake ni shaka. Watu wawili kupigiana simu hakutoshi, maana huenda imetokea tu. Mwaka 2004, Mark Newman na Michelle Girvan walichapisha kipimo kiitwacho modulariti. Unahesabu mistari iliyo ndani ya kundi, kisha unatoa ile ambayo ingekuwamo hata kama kila mtu angebaki na idadi yake ya mistari, lakini ikaelekezwa popote kiholela. Kinachozidi ndicho ushahidi.

Mwaka 2008, Vincent Blondel na wenzake watatu walitoa njia inayojulikana kwa jina la Louvain, chuo kikuu cha Ubelgiji. Kila nukta huanza ikiwa kundi peke yake, kisha hujaribiwa kwa kila jirani na kuachwa pale kipimo cha modulariti kinapopanda zaidi. Zikishatulia, kila kundi hukunjwa likawa nukta moja, na kazi huanza upya. Waliijaribu kwa simu za wateja wapatao milioni 2 wa Ubelgiji, nchi inayozungumza hasa Kiholanzi na Kifaransa. Algoriti haikudokezwa lugha ya mtu yeyote. Hata hivyo, katika makundi yenye watu zaidi ya 10,000, yote isipokuwa moja yalikuwa na zaidi ya asilimia 85 ya watu wa lugha moja. Hilo moja lilikaa kati ya makundi ya lugha hizo mbili, likiwa limezichanganya. Aliyeanza kwa kuwagawa watu kwa lugha angelipasua bila kujua kwamba lipo.

Fani hii pia haijioni imefika. Mwaka 2019, Vincent Traag, Ludo Waltman na Nees Jan van Eck wa Leiden, Uholanzi, walionyesha kwamba njia hiyo ya Louvain, iliyoenea duniani, inaweza kutoa kundi ambalo wanachama wake hawaunganiki kabisa. Nukta iliyokuwa daraja huhamia kundi jingine, na waliobaki pande mbili wanaendelea kuitwa wamoja. Watafiti hao wakaongeza hatua ya kulichambua kila kundi kabla ya kulikunja, wakathibitisha kihesabu kwamba hakuna litakalotoka limekatika.

Kumwita mtu “wa kundi fulani” ni jambo zito, kwani anaweza kuhukumiwa kwalo. Sisi hupangana upesi kwa majina, kwa sura na kwa kabila. Mtafuta makundi hutazama kwanza watu wanavyotendeana, halafu huuliza kama si bahati tu, kisha hulikagua upya jibu lake mwenyewe. Ningependa kila anayewapanga watu mafungu, awe na kompyuta au asiwe nayo, abanwe na masharti hayo.