Tarumbeta Isiyoandikwa Jina

Mwezi wa Novemba 1960 Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mashuhuri wa Marekani, alifika Elisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi, akawapigia watu muziki wa jazz. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo tangu tarehe 11 Julai mwaka ule, na safari yake ilidhaminiwa na serikali ya Marekani. Kwa hiyo jina lake likitajwa katika nchi yetu, mazungumzo huelekea upesi kwenye siasa ya siku zile. Siasa ina mahali pake. Lakini mpiga tarumbeta yafaa apimwe kwa tarumbeta yake, nayo imehifadhiwa katika sahani za santuri.

Je, ni sahani zipi? Nyimbo za uzee wake, kama ile ya Hello, Dolly! ya mwaka 1964, zajulikana kila mahali. Aliye Dilolo na aliye Kolwezi huzisikia bila kuzitafuta. Lakini Armstrong alianza kuingizwa katika sahani mwaka 1923, alipokuwa kijana katika bendi ya King Oliver, na tangu hapo hata kufa kwake mwaka 1971 alifanya nyingi mno. Mwenye kuzikusanya zile zisizojulikana ana kazi kubwa, naye hana budi kuwa na kipimo.

Wako wanaotumia kipimo cha uhaba tu: kitu kikiwa adimu, basi kwao ni chema. Hapo twaona kosa. Mwaka 1938 Armstrong alifanya sahani moja ambayo ndani yake aigiza mhubiri wa kuchekesha, Elder Eatmore. Wakusanyaji huifurahia kwa sababu si wengi walio nayo. Kweli yachekesha, lakini tarumbeta haimo hata kidogo. Aliye nayo amepata kichekesho, na mpiga tarumbeta bado hajampata.

Sisi twashauri kipimo kingine: zitafutwe sahani ambazo Armstrong amsaidia mwingine. Mwaka 1925 alimfuata mwimbaji Bessie Smith katika wimbo wa St. Louis Blues. Hapakuwa na bendi. Palikuwa na sauti ya mwanamke, na kinanda cha upepo kama kile tunachokijua makanisani, na koneti ya Armstrong, nayo ni ndugu mdogo wa tarumbeta. Mwanamke aimba mstari, kisha anyamaza. Koneti yamjibu, nayo hunyamaza aanzapo tena. Kijana yule alikuwa na nguvu za kumfunika kila mtu, lakini hapa angoja zamu yake. Asikiaye aona kwamba kungoja nako ni ufundi.

Sahani ya pili ndiyo hasa tuliyoikusudia. Tarehe 16 Julai 1930, huko California, mwimbaji mzungu Jimmie Rodgers aliimba wimbo uitwao Blue Yodel No. 9. Nyuma yake yasikika tarumbeta na piano. Mwenye tarumbeta ni Armstrong, na mwenye piano ni Lillian Hardin, mkewe wa siku zile. Lakini karatasi ya katikati ya sahani yataja jina la Rodgers peke yake. Asomaye karatasi hampati Armstrong. Atumiaye masikio ampata mara moja, kwa ile sauti pana na kwa desturi yake ya kuchelewa kidogo nyuma ya pigo, kama mtu atembeaye bila haraka. Mwaka 1970, kwa Johnny Cash katika televisheni, aliupiga tena wimbo huo, miaka 40 baadaye.

Tena tazameni ajabu hii. Jina la Rodgers lilisafiri mbali hata likafika kwa Wakipsigis wa Kenya, nao wakaligeuza kuwa Chemirocha na kulitungia wimbo, ambao Hugh Tracey aliunasa mwaka 1950. Mwimbaji aliimbwa milimani Afrika. Mwafrika wa Marekani aliyempigia tarumbeta hakutajwa hata katika karatasi ya sahani yenyewe.

Tracey huyo huyo alifika Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952, akamkuta Mwenda Jean Bosco na gitaa lake, akamrekodi akipiga Masanga. Katika kazi yake alizoea kuandika jina la mpigaji, lugha yake na mahali. Kwa sababu hiyo twajua leo ni nani aliyepiga. Kama asingeandika, gitaa lile lingebaki sauti nzuri isiyo na mwenyewe.

Nanyi mlio waumini wa parokia mwajua thamani ya daftari. Armstrong mwenyewe alisema siku zote kwamba alizaliwa tarehe 4 Julai 1900. Baada ya kufa kwake ilionekana katika daftari la ubatizo la kanisa la Moyo Mtakatifu wa Yesu, huko New Orleans, kwamba alizaliwa tarehe 4 Agosti 1901. Mstari mmoja wa wino uliyashinda maneno ya miaka 70.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa kwenu mna sahani za zamani, ziwe za Marekani au za Katanga, msizipange kwa jina la mwimbaji tu. Zisikilizeni. Waulizeni wazee wangali hai: ni nani aliyepiga gitaa hili, ni nani aliyepuliza tarumbeta hii? Jibu liandikeni juu ya bahasha ya sahani, pamoja na jina la aliyewaambia. Sahani za kale huvunjika upesi, na karatasi zake hutafunwa na unyevu. Haba na haba hujaza kibaba. Na katika kibaba hiki kila punje ni jina la mtu aliyefanya kazi yake vema, ila nyuma ya mwingine.