Mguu wa Kushoto: Namna ya Kumpima Dereva na Klachi Yake

Msimu Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) unaponunua mahindi Songea, malori hupanga foleni nje ya maghala, na foleni ile ni darasa la bure kwa anayetaka kuwajua madereva. Inasogea kidogo, inasimama. Tazama mguu wa kushoto, au kama huuoni, sikiliza injini. Yupo anayeifukuzia kila nafasi inayofunguka mbele: lori limesheheni, linajikokota hatua kwa hatua, klachi iko nusu juu nusu chini na injini inalalamika. Nyuma yake yupo mwenzake aliyeweka gia huru na kuvuta handbreki. Anaiacha nafasi ikue mpaka itoshe lori zima, kisha anaondoka mara moja kwa gia ya kwanza, anaachia klachi yote, anasogea, anasimama. Wote wawili watafika kwenye mizani kwa zamu zao zile zile. Tofauti yao ataiona fundi.

Klachi ni pleti yenye tabaka la msuguano pande zote mbili, iliyobanwa kati ya flaiwili ya injini na presha pleti. Ukikanyaga pedeli, pleti inaachiliwa na injini inazunguka peke yake. Ukiinua mguu, vinashikana na nguvu inakwenda kwenye magurudumu. Vikiwa vimeachana kabisa, pleti hailiwi. Vikishikana kabisa, hailiwi pia. Inaliwa pale katikati, wanafunzi wanapopaita kubalansi, ambapo kimoja kinazunguka haraka kuliko kingine na moto unazaliwa. Kwa hiyo ninapompima dereva nauliza mawili tu: anakaa pale katikati muda gani, na injini inapiga resi kiasi gani akiwa pale. Kuna magari yanayovuka kilomita 100,000 kwa klachi moja, na kuna klachi mpya inayomalizwa ndani ya wiki chache.

Usidanganywe na ulaini. Abiria wa Coaster ya kwenda Peramiho humsifu dereva ambaye gari lake halirukiruki, na mara nyingi sifa hiyo anaistahili. Lakini ulaini uko wa aina mbili. Mmoja unatokana na kuachia klachi polepole mno katika kila gia, huku mafuta yakikanyagwa; shingo za abiria zinatulia kwa gharama ya pleti. Mwingine unatokana na dereva kuujua mwendo wa injini unaolingana na gia anayoiendea. Akipandisha gia, anausubiri mlio ushuke kidogo ndipo aachie. Akishusha kutoka ya nne kwenda ya tatu, anaongeza mafuta kidogo sana kabla ya kuachia, na gia inaingia bila mtu kujua. Namna ya kuwatofautisha: msikilize mara tu baada ya gia kuingia. Kama mlio wa injini unapanda juu halafu unateremka taratibu ndipo gari likaze, hapo pleti imeteleza. Kama mlio na mwendo vimeungana papo hapo, umekaa nyuma ya bingwa, hata kama amevaa kandambili.

Mlima unasema zaidi. Katika barabara ya Njombe, Lukumburu ndipo pa kumwangalia mtu. Mjuzi anachagua gia yake chini, kabla mlima haujamchagulia, na hapandi huku mguu umelazwa juu ya pedeli. Uzito wa mguu ule, hata ukiwa mdogo, unaipunguzia presha pleti nguvu ya kubana na unaichosha rilizi beringi, ile inayoisukuma presha pleti iachie. Akilazimika kusimama mlimani, atalishika gari kwa handbreki; asiyejua atalishika kwa klachi na mafuta, gari likining'inia pale kama mtu anayeogopa kukaa. Harufu nayo ni shahidi: kitu kilichoungua ukikisikia wakati wa kupanda, shuku klachi, ukikisikia wakati wa kuteremka, shuku breki, na hiyo ya pili ndiyo ya kukutoa jasho.

Vijana wengi wanaojifunza gari siku hizi wanatoka kwenye bodaboda, na hapo pana mtego ambao walimu wachache huutaja. Klachi ya pikipiki nyingi za boda ina pleti kadhaa zinazoogea ndani ya oili. Oili inabeba moto, kwa hiyo unaweza kupita kwenye tope la masika barabara ya Matimira ukiwa umeshika nusu klachi mkononi, na pikipiki ikakusamehe. Klachi ya gari ni kavu. Haina cha kuipoza isipokuwa hewa iliyo ndani ya nyumba yake, na gari lenyewe ni zito mara nyingi zaidi. Kijana wa boda anajua gia, anajua barabara, haogopi chochote, ila mkono wake umeshaufundisha mguu tabia mbaya.

Dawa yake ni zoezi ambalo kwangu ndilo kipimo cha mwalimu: uwanja tambarare, gia ya kwanza, mguu wa kulia usiguse mafuta kabisa. Mwanafunzi anainua klachi taratibu mpaka injini ishushe sauti na gari litambae lenyewe. Land Cruiser ya dizeli au Canter tupu italifanya hili bila ugomvi. Gari dogo la petroli litazimika mara kadhaa, na lizimike. Kuzimisha gari ni aibu ya dakika moja, haili pleti. Mwalimu anayepiga kelele gari likizimika humfundisha mwanafunzi kupiga resi kwa woga, na resi ile ndiyo inayounguza. Mwogope pia mwalimu mwenye pedeli zake upande wa kushoto ambaye mguu wake hautoki kwenye klachi: gari linaondoka vizuri kila siku, na mwanafunzi anaondoka na leseni ya mguu wa mwalimu.

Ukinunua gari la mkononi, jaribu klachi kabla ya kujadili bei. Mahali tambarare pasipo na mtu mbele, vuta handbreki hadi mwisho, kanyaga klachi, weka gia ya tatu, ongeza mafuta kiasi, achia klachi. Injini izimike hapo hapo. Ikiendelea kunguruma huku gari limetulia, klachi imekwisha. Fanya mara moja tu, maana jaribio lenyewe linaila pleti. Pedeli inayoshika juu kabisa, karibu na mwisho wa kuinuka, nayo ni dalili ya uchakavu. Gia zikikwaruza kuingia huku pedeli imekanyagwa hadi chini, huenda pleti ni nzima na shida iko kwenye kebo au hewa iliyoingia kwenye mfumo wa oili. Mlio unaokuja ukikanyaga pedeli ni wa rilizi beringi. Unaopotea ukikanyaga mara nyingi ni wa beringi ya ndani ya giaboksi, na hiyo ni hesabu nyingine kabisa.

Fundi mzuri hakufungii pleti mpya kabla hajakuonyesha ya zamani. Tazama riveti: kwa Toyota nyingi, kichwa cha riveti kikiwa chini ya uso wa pleti kwa pungufu ya milimita 0.3, muda wake umekwisha. Pleti iliyolowa oili haikuuawa na dereva; kuna sili inayovuja, na kufunga mpya bila kuishughulikia ni kutupa hela. Akague flaiwili pia, maana madoa ya bluu ni alama za moto mkali, na uso uliopinda utafanya gari litetemeke kila linapoondoka hata kwa pleti ya dukani. Vumbi lile asilipulize kwa kompresa, kwani pleti za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Na akimaliza, usilipakie gari magunia ya kahawa ya Mbinga siku hiyo hiyo: kilomita mia chache za kwanza ni za pleti na flaiwili kuzoeana, bila mzigo mzito na bila kuvuta gari la mtu.